Tofali la Inchi Saba

Jumatano, soko la wanawake Ibra limeshavunjika,
Bi Thuwaiba aliingia na vumbi lake na harufu ya udi,
akaitua tableti mezani kwangu
kama mtu anayerudisha samaki aliyechina.
"Hii. Tangu juzi inaandika jina lake tu.
Jina nalijua. Nataka vyangu."

Inawaka, nembo, inazima, inawaka:
mwanafunzi anayekariri alifu
na be haimjii.
Mjukuu, anasema, alibonyeza palipoandikwa "Sasisha",
na betri ilikuwa imebaki tone.
Fundi wa Sinaw kamwambia: hilo tofali, mama, jengea ukuta.

Mimi si mwashi.
Nikaipasua ubavu kwa kadi ya simu ya zamani,
nikainua betri iliyoanza kuvimba,
nikasoma namba ndogo kwenye bodi,
maana mgongo wake ni mwongo:
mgongo unadai giga thelathini na mbili,
bodi, ikiwa uchi, inakiri nane.
Viwanda ishirini, ganda moja.
Nami nina mafaili matatu yenye jina lile lile
na moja tu ndilo lake.

"Ila nikiiflashi, Bi Thuwaiba, vyote vinaondoka."
"Vyote vipi?"
"Picha. Sauti. Ulichoandika."
Akakaa. Kiti cha plastiki kikalalamika.
"Mna madeni yangu humo. Nusu ya Ibra imo humo."
Akatazama feni muda mrefu.
"Futa. Lakini shika kalamu."

Nikabana kitufe cha sauti, nikachomeka waya.
Kompyuta ikalia, ikakata, ikalia,
mara ya nne ikashika.
Mstari mwekundu, kisha zambarau, kisha manjano.
Nikageuza risiti, nikaandika mgongoni.

Asilimia tatu.
"Zuwena wa Mudhaireb, kumi na mbili, bukhuri na mkaa."
Kumi na moja.
"Mke wa Suleyum mwenye pikapu, saba.
Yeye anasema sita. Andika saba."
Ishirini.
"Mwalimu wa chekechea, nne na baisa mia tatu.
Shinuna..."

Kalamu ikangoja. Ishirini na tisa. Thelathini na nne.

"Huyo ruka."
"Anadaiwa ngapi?"
"Nimesema ruka. Hiyo kompyuta yako hairuki?"

Hairuki. Ikiruka chembe moja tunarudi kwenye tofali.
Sikumwambia. Nilikuwa nimeushika waya kwa vidole viwili,
taa ya dukani imepepesa mara moja,
na kinyozi wa jirani amewasha kiyoyozi chake kibovu.

Mia. Ikawaka!
Akagusa juu, ikaitika chini.
Akagusa kamera, ikafunguka saa ya kuamsha.
"Umenirudishia ikiwa na wazimu," akasema,
na sikuwa na la kujibu.
Faili la kwanza lilikuwa la dada yake.

Tukaanza upya, faili la pili.
Safari hii hakutaja mtu. Aliomba maji, akanywa nusu,
akalaumu bei ya mkaa, akalaumu mjukuu, akanyamaza.
Kwenye sitini na mbili akasema,
bila kunitazama,
"Na mama yako. Udi wa Idi. Tatu na nusu."

Nikamwandika mama yangu kwa mwandiko wangu.

Mia. Duara la kijani.
"Chagua lugha," ikaomba kwa adabu,
kama mpangaji mpya asiyejua choo kiko wapi.
Kidole cha Bi Thuwaiba kikagusa juu,
juu ikaitika.

"Kazi yangu riali tano."
"Toa tatu na nusu," akasema,
akahesabu moja na nusu juu ya meza,
sarafu za mwisho akizisukuma moja moja,
akanipokonya kalamu, akamkata mama.

Kisha akainua tableti kwa mikono miwili,
akaniamuru niinyooshe risiti vizuri.
Picha ya kwanza katika kumbukumbu ile tupu ndiyo hiyo:
watu watatu wanaodaiwa,
mmoja aliyekatwa,
jina moja lisilo na kiasi mbele yake,
na kidole gumba changu, pembeni, kimetiwa wino.